Kutoka Spika Iliyopasuka hadi Tarakimu: Historia ya Mkwaruzo wa Gitaa la Umeme na Mashine Zinazouiga

Neno "kipaza sauti" limezoeleka katika Kiswahili kwa vyombo viwili vinavyofanya kazi kinyume: kile kinachopokea sauti na kuigeuza umeme, na kile kinachopokea umeme na kuugeuza sauti. Katika mkutano wa hadhara mchanganyiko huo haumdhuru mtu. Lakini kwa anayetaka kufuatilia historia ya gitaa la umeme, mchanganyiko huo hulifunika jambo lenyewe, kwa kuwa historia hiyo imekaa yote katika safari ya sauti kati ya vyombo hivyo viwili. Kwa sababu hiyo, katika makala haya maikrofoni itaitwa maikrofoni, spika itaitwa spika, na mtambo unaokuza umeme dhaifu wa gitaa kabla haujaifikia spika utaitwa amplifaya.

Makala yanahusu mashine ambazo tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikichukua nafasi ya amplifaya hiyo, jukwaani na studioni. Ni visanduku vyenye kompyuta ndani, ambamo sauti ya amplifaya nyingi za zamani imewekwa kwa njia ya hesabu. Mpigaji huchomeka gitaa, huchagua, hupiga. Jina lake halijatulia katika Kiswahili. Hapa vitaitwa viigaji. Yanayoandikwa kuvihusu kwa kawaida hushughulika na swali moja, kama vinafanana na amplifaya halisi au havifanani. Swali hilo limewekwa vibaya. Kiigaji hakiigi amplifaya kama anavyoisikia mpigaji aliyesimama mbele yake chumbani. Kinaiga amplifaya iliyokwisha kurekodiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini viigaji vilizaliwa vilipozaliwa, kwa nini hugombana na pedali, na kwa nini sauti zilizomo ndani yake ni zile na si nyingine.

Kasoro iliyopata wapenzi

Amplifaya za kwanza za gitaa, zilizoonekana Marekani katika miaka ya 1930, zilikuwa watoto wa redio. Zilitumia valvu, yaani chupa ndogo za kioo zilizoondolewa hewa, ambamo umeme dhaifu unaoingia huongoza mkondo wenye nguvu. Wahandisi wa redio walikuwa na shabaha moja: kinachotoka kifanane na kilichoingia, ila kiwe kikubwa. Leo Fender, aliyeanzisha kampuni yake California mwaka 1946, alikuwa fundi wa redio wala hakuwa mpigaji wa gitaa. Amplifaya zake zilifuata shabaha hiyohiyo. Lakini valvu ina mpaka wake. Ikipewa umeme kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi huanza kubonyezwa, kisha hukatwa. Na wimbi lililokatwa kilele huzaa masafa mapya ambayo hayakuwamo katika uzi uliopigwa. Sikio husikia sauti iliyokwaruzwa, nene, yenye kudumu. Kwa mhandisi huo ulikuwa ushahidi kwamba mtambo umezidiwa, basi.

Mwezi wa Machi 1951, mjini Memphis, kundi la Ike Turner lilirekodi wimbo "Rocket 88" katika studio ya Sam Phillips, nao ukatolewa kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston. Amplifaya ya mpigaji gitaa Willie Kizart ilikuwa imeharibika njiani. Masimulizi hayakubaliani kama ni mvua au ni kuanguka kutoka garini. Yanakubaliana kwamba spika iliyopasuka ilijazwa karatasi, na kwamba Phillips aliipenda sauti yake akaiacha. Karibu na mwaka 1961, mjini Nashville, jambo la namna hiyo lilitokea ndani ya meza ya kuchanganyia sauti yenyewe: njia moja ya meza iliharibika wakati Grady Martin alipokuwa akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins. Fundi Glenn Snoddy hakuitupa sauti hiyo. Na mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa kundi la The Kinks hakungoja ajali: aliichana spika ya amplifaya yake ndogo, na matokeo yakasikika katika "You Really Got Me". Katika muda wa miaka kumi na mitatu, kasoro iliyokuwa ikivumiliwa iligeuka kitu cha kutafutwa kwa wembe.

Si kila mahali mkwaruzo ulipata wapenzi, na sababu yake si ladha tupu. Amplifaya iliyozidiwa ikipokea sauti mbili kwa pamoja huzaa pia jumla na tofauti za masafa yake. Sauti zilizoachana kwa daraja la tano hutoa masalio yanayopatana nazo; zilizoachana kwa daraja la tatu hutoa masalio yanayogombana nazo. Ndiyo maana wapigaji wa roki waliopenda mkwaruzo mzito walikimbilia vishindo vya daraja la tano, wakaiacha ile ya tatu. Nchini Kongo mambo yalikwenda njia nyingine. Bill Alexandre, Mbelgiji, anakumbukwa kwa kulileta gitaa la umeme Léopoldville mwaka 1953, alipokwenda kufanya kazi katika studio ya CEFA. Muziki uliokulia hapo ulijengwa juu ya magitaa mawili, baadaye matatu, yanayojibizana: solo, mi-solo na gitaa la kusindikiza. Solo yenyewe hupenda kutembea kwa sauti mbili sambamba, za tatu na za sita. Ukiitia sebene mkwaruzo, magitaa hayo yote huwa uji mmoja. Usafi wa sauti ya Kinshasa haukuwa kukosa mtambo wa kukwaruza. Ulikuwa ni hitaji la ufundi wa muziki wenyewe.

Hata hivyo, Kinshasa hiyohiyo iliijua kasoro iliyopendwa. Kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960, lilitaka likembe isikike juu ya kelele za mtaa. Mingiedi alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vyuma vya magari, akapitisha sauti kwenye spika za honi za aina iliyotumiwa kutolea matangazo hadharani. Mkwaruzo uliotokea haukukusudiwa mwanzoni. Baada ya miaka ukawa ndiyo alama ya kundi, na katikati ya miaka ya 2000 albamu ya Congotronics iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels iliupeleka ulimwenguni. Kizart na Mingiedi hawakujuana, wala hapana ushahidi kwamba mmoja alimsikia mwingine. Mtambo uliozidiwa ulimfundisha kila mmoja peke yake.

Kasoro ndani ya kisanduku

Ajali haiuziki dukani. Ili iuzike, ilibidi itengwe na spika mbovu na meza mbovu, iwekwe mahali inapoweza kuwashwa na kuzimwa kwa mguu. Hiyo ndiyo asili ya pedali. Glenn Snoddy aliichunguza ile njia ya meza iliyoharibika, akaunda saketi ya transista inayotoa sauti ya namna hiyo, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaitoa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wauzaji hawakujua wamwuzie nani. Matangazo yalidai kwamba kwa pedali hiyo gitaa laweza kuiga tarumbeta na ala nyingine za upepo. Mwaka 1965 Keith Richards wa The Rolling Stones aliitumia kwa kusudi hilohilo katika "Satisfaction": alitaka kuonyesha tu mahali ambapo tarumbeta zingeingizwa baadaye. Hazikuingizwa. Wimbo ukatoka na pedali yake, na Fuzz-Tone zikanunuliwa zote.

Zikafuata nyingine haraka: Fuzz Face ya London mwaka 1966, wa-wa ya Vox mwaka 1967, kisha visanduku vidogo vya kampuni ya Boss ya Japani kuanzia 1977. Kati ya hizo zote, moja inastahili kusimamiwa kidogo. Tube Screamer ya Ibanez, iliyotoka mwaka 1979, ina mkwaruzo mchache wa kwake. Umaarufu wake ulitokana na kazi nyingine: hupunguza besi, huinua sauti za katikati, kisha huisukuma amplifaya ya valvu ambayo tayari inakaribia kuzidiwa. Pedali hiyo haifanyi kazi peke yake. Yafanya kazi kwa kushirikiana na kile inachokisukuma, na kisiposukumika, pedali haina maana.

Fuzz Face nayo ina tabia yake. Mlango wake wa kuingilia una ukinzani mdogo sana, hata waya uliozungushwa kwenye sumaku za gitaa huwa kama sehemu ya saketi yake. Mpigaji akipunguza sauti kwa kitufe cha gitaa, mkwaruzo hubadilika hadi ukaribie usafi. Kitu chochote kikiwekwa katikati, ushirikiano huo hukatika. Kutokana na mambo kama hayo palitokea desturi ya mpangilio ambayo haikuandikwa na mtu: fazi karibu na gitaa, mkwaruzo baada yake, mwangwi mwishoni. Mwangwi ukitangulia mkwaruzo, kila rudio hukwaruzwa pamoja na sauti inayofuata, na yote huchafuka. Mafundi wa amplifaya wakaongeza matundu mawili nyuma ya mtambo ili mwangwi uingizwe baada ya hatua ya kwanza ya kukuza. Fundi wa studio hakuhitaji matundu hayo. Alitia mwangwi mezani, baada ya maikrofoni.

Sikio la maikrofoni

Hapa ndipo historia inapogeuka, na ndipo inaposahauliwa zaidi. Msikilizaji wa santuri hajawahi kuisikia amplifaya ya mpigaji wake. Ameisikia spika, kwa kawaida ya inchi 12, kupitia maikrofoni iliyowekwa sentimita chache mbele ya karatasi yake. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, imewekwa mbele ya spika za gitaa mara nyingi hata sauti yake imehesabiwa kuwa ndiyo sauti ya gitaa. Maikrofoni ikielekezwa katikati ya spika husikia ukali. Ikisogezwa pembeni husikia ulaini. Spika ya gitaa nayo si mjumbe mwaminifu. Masafa yaliyo juu ya mizunguko kama elfu tano kwa sekunde hupungua upesi ndani yake. Upungufu huo ni rehema: mkwaruzo wa amplifaya umejaa masafa makali ya juu, na spika huyachuja kabla hayajafika sikioni.

Ndiyo maana kuchomeka gitaa moja kwa moja katika meza ya kurekodi kulifaa kwa sauti safi na kukashindwa kwa mkwaruzo. Studio ya Motown, Detroit, ilirekodi magitaa na besi kwa njia hiyo katika miaka ya 1960, na sauti zake safi zingali mfano. The Beatles walipolazimisha mkwaruzo kwa njia hiyohiyo katika "Revolution" mwaka 1968, wakizizidi kwa makusudi saketi za meza, walipata sauti kama ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Waliipenda, na wimbo ukaihitaji. Lakini haikuwa sauti ya amplifaya, kwa kuwa spika haikuwamo.

Mtu wa kwanza kuliuza suluhisho la tatizo hilo kwa wingi alikuwa Tom Scholz, mhandisi na mpigaji wa kundi la Boston. Rockman yake ya mwaka 1982 ilikuwa kisanduku cha kuvaliwa kiunoni, chenye betri na vidude vya kusikilizia masikioni. Ndani yake mlikuwa na mkwaruzo, kichujio kilichofanya kazi ya spika, na mwangwi. Yaani mnyororo mzima wa studio, toka amplifaya hadi meza, kwa saketi za kawaida bila kompyuta. Magitaa ya albamu "Hysteria" ya Def Leppard, iliyotoka mwaka 1987, yalirekodiwa kwa sehemu kubwa kwa kisanduku hicho. Mwaka 1989 SansAmp ya Tech 21, kampuni ya New York, iliendeleza fikra hiyo: saketi yake iliiga amplifaya pamoja na spika iliyowekewa maikrofoni. Kwa hiyo wazo la kuiga lilitangulia dijitali. Mashine za tarakimu zilirithi swali ambalo tayari lilikuwa limeulizwa vizuri.

Tarakimu

Kurekodi kidijitali ni kupima wimbi mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Diski ya kompakti hutumia vipimo 44,100. Ikiwa sauti imekuwa namba, amplifaya inaweza kuwa kanuni ya hesabu ambayo kila namba hupitishwa. Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995, iliyohitaji sumaku maalumu ya kusikiliza kila uzi peke yake. Mwaka uliofuata Line 6, kampuni iliyoanzishwa California na Marcus Ryle na Michel Doidic, waliokuwa wametengeneza vinanda vya elektroniki, ilitoa AxSys 212, amplifaya iliyoiga amplifaya nyingine. Ilikuwa hatua ya ajabu, kwa maana sauti iliyoigwa ilitolewa tena kwa spika halisi za gitaa. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilifika mahali wazo lilipokuwa likielekea: programu ya Amp Farm iliyofanya kazi ndani ya kompyuta ya kurekodia, na POD, kisanduku chekundu chenye umbo la haragwe. POD haikuwa na spika hata moja. Ilikusudiwa kuingia moja kwa moja katika mtambo wa kurekodi, na ilibeba ndani yake amplifaya, spika na maikrofoni vilivyoigwa.

Wapigaji wengi waliozijaribu walisema "haina uhai". Shutuma hiyo ilichanganya mambo mawili. La kwanza lilikuwa kosa halisi la kiufundi. Mkwaruzo huzaa masafa mapya, hata yale yanayopita nusu ya idadi ya vipimo kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kuyaandika masafa hayo. Badala ya kutoweka, huyakunja na kuyarudisha chini mahali pasipostahili, yasipatane na uzi wowote. Sikio huyatambua kama ukali wa chuma unaokwenda kinyume na wimbo. Dawa yake ni kupima mara nyingi zaidi ndani ya mashine, kukwaruza, kuchuja, kisha kurudi katika vipimo vya kawaida. Na dawa hiyo ilihitaji chipu zenye nguvu ambazo mwaka 1998 hazikuwa za bei ya mwanamuziki. Axe-Fx ya Fractal Audio, iliyotoka mwaka 2006, ilipata sifa kwa sababu ilikuwa na nguvu hiyo.

La pili halikuwa kosa. Mpigaji aliyezoea amplifaya ya valvu husikia sauti ikimpiga mgongoni na kuzunguka chumbani. Katika kiigaji alisikia kile ambacho fundi wa studio amekisikia siku zote nyuma ya kioo. Alikuwa akisikia maikrofoni, naye hakuijua sauti yake. Hata kuchelewa kwa sauti, ambako kulilalamikiwa sana, kunahitaji kupimwa kwa kipimo cha haki. Mashine nzuri huchelewa milisekunde chache. Sauti husafiri hewani sentimita 34 hivi kwa milisekunde, kwa hiyo mpigaji aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake alikuwa akiisikia baada ya milisekunde tisa, na hakuna aliyelalamika.

Pedali mbele ya kompyuta

Viigaji vilikuja na pedali zake ndani, zilizoigwa nazo. Lakini wanamuziki walikuwa na visanduku vyao vya miaka mingi, na hawakukubali kuviacha. Migogoro ya ndoa hiyo yaweza kueleweka yote kwa yale yaliyokwisha kusemwa.

Fuzz Face ikichomekwa kati ya gitaa na kiigaji bado hufanya kazi, kwa kuwa imebaki ya kwanza. Fazi ya kuigwa iliyo ndani ya mashine ndiyo iliyopata taabu, maana mlango wa kiigaji hutenganisha gitaa na hesabu. Waya wa sumaku hauwezi tena kuwa sehemu ya saketi isiyokuwapo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji, Line 6 wakiwamo katika Helix ya mwaka 2015, waliweka mlango ambao ukinzani wake hubadilishwa ili gitaa lihisi kama limechomekwa katika pedali ya zamani. Tube Screamer nayo huishi au hufa kulingana na kile inachokisukuma. Ikiwa hesabu ya amplifaya imeandikwa ipasavyo, yaani kila hatua ya kukuza ikizidiwa kwa zamu yake, pedali halisi huisukuma kama ilivyosukuma valvu. Ikiwa hesabu ni picha ya sauti ya mwisho tu, pedali huongeza kelele bila kuongeza mvuto. Hicho ni kipimo cha kuaminika zaidi cha kiigaji kuliko orodha ndefu ya majina iliyoandikwa kwenye sanduku lake.

Valvu ikizidiwa hukata mawimbi kwa upole. Kifaa cha kugeuza umeme kuwa namba hukata kama panga. Pedali yenye nguvu nyingi ikisukuma mlango wa kiigaji kupita kiasi, mkwaruzo unaotokea si wa amplifaya yoyote iliyopata kuwapo, na hauwezi kuondolewa baadaye. Fundi wa kurekodi hulazimika kuacha nafasi juu ya vilele, jambo ambalo mpigaji aliyelelewa na valvu huliona kama kupigwa breki.

Kosa lililoenea kuliko yote lilitokana na spika. Mwenye amplifaya aliyenunua kiigaji alikichomeka mbele ya amplifaya hiyo, sauti ikapita katika spika iliyoigwa na maikrofoni iliyoigwa, kisha ikapitishwa katika amplifaya halisi na spika halisi. Masafa ya juu yalichujwa mara mbili, na mwenye mashine akatangaza kwamba dijitali imeziba kama blanketi. Ilimbidi kuzima spika ya kuigwa, au kutumia mtindo unaoitwa wa nyaya nne, ambao humwezesha mtu kuweka mkwaruzo wa kiigaji mbele ya amplifaya na mwangwi wake katika matundu ya nyuma. Mtindo huo ni marejeo ya desturi ileile ya pedali, ila safari hii ndani ya sanduku moja.

Studioni, kinyume chake, kiigaji kilikuwa nyumbani. Hapo kilileta desturi iliyobadilisha kazi ya fundi: kurekodi nyimbo mbili kwa pamoja, moja yenye sauti iliyoigwa na moja ya gitaa tupu lisilopitia kitu. Kwa kisanduku cha kurudishia, kama kile kilichouzwa na fundi John Cuniberti katika miaka ya 1990, gitaa hilo tupu laweza kutumwa baadaye katika amplifaya au pedali yoyote, mpigaji akiwa amekwisha lala.

Kunasa

Hadi hapa kila amplifaya iliyoigwa iliandikwa na wahandisi, saketi kwa saketi, na wahandisi hao waliandika walizozipenda: Fender za California, Marshall na Vox za Uingereza. Majina hayo hayakuchaguliwa kwa hila. Ni amplifaya zilizosikika katika santuri ambazo wahandisi walikua nazo. Lakini matokeo ni kwamba chombo kinachouzwa Lubumbashi na Nairobi kama kilivyouzwa Los Angeles kimebeba kumbukumbu ya masikio ya watu wachache.

Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper alitoa mashine iliyofuata njia nyingine. Haikuandikiwa saketi. Hutuma sauti za majaribio ndani ya amplifaya yoyote iliyowekewa maikrofoni, husikiliza kinachorudi, hulinganisha, na baada ya muda mfupi huwa imejenga kielelezo cha kuiga mtambo huo jinsi ulivyowekwa siku hiyo. Kampuni ya Neural DSP ya Helsinki ilitangaza mwaka 2020 kazi ya namna hiyo kwa mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, na mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ikatokea Neural Amp Modeler, programu huria ambayo mtu huipata bila malipo. Mwenye amplifaya, maikrofoni na kompyuta ya kawaida ananasa na kugawa. Wakati huo valvu zenyewe zilikuwa zimebaki kazi ya viwanda vichache vya Urusi, Slovakia na China. Vikwazo vya kuuza nje vilivyotangazwa Urusi mwezi wa Machi 2022 vilipandisha bei zake, na wengi wakaharakisha kunasa amplifaya walizokuwa nazo kabla hazijazima.

Kwa sauti za Kongo hilo ni jambo zito. Hakuna kinachoizuia spika ya honi ya namna ya Konono kunaswa kwa utaratibu uleule unaotumiwa kwa Marshall: sauti ya majaribio huingia katika amplifaya yake, hutoka kwenye honi, maikrofoni huisikia. Hali kadhalika amplifaya zilizobeba solo na mi-solo katika miaka ya 1960 na 1970, zenye usafi wake, spika zake na kasoro zake ndogo. Lakini kunasa kuna sharti moja lisilokwepeka. Mashine hujifunza kwa kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Rekodi ya zamani imehifadhi kilichotoka peke yake. Gitaa tupu lililoingia halikurekodiwa na mtu, na tena limechanganyika na sauti za waimbaji na ngoma. Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville mwaka 1952, gitaa kavu na maikrofoni vilitosha kuihifadhi sauti yote, kwa sababu kati ya nyuzi na maikrofoni hapakuwa na kitu ila hewa. Waliokuja baada yake waliweka mtambo katikati. Ili mtambo huo unaswe, ni lazima uwe bado unawaka, na spika yake iwe ileile ya kwanza, si ile iliyobandikwa karatasi mpya na fundi wa mtaa baada ya kupasuka.